Utamu Usio Sukari: Tujifunze Kuhusu Viongeza Utamu vya Bandia

Utangulizi

Katika vikundi vya akina mama na vijana tunavyofanya navyo kazi Kibaha na Kisarawe, usindikaji wa vyakula ni shughuli inayopendwa na wengi. Wapo wanaotengeneza juisi ya ukwaju, rosela na embe, wapo wa jemu ya nanasi, wapo wa barafu za watoto, ubuyu, keki na maandazi. Kazi zote hizi zinategemea sukari, na sukari ni ghali. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na katika maeneo mengi ya nchi kilo moja ya sukari ikapita shilingi 4,000. Wajasiriamali wadogo walibanwa sana.

Katika hali kama hiyo swali moja hujitokeza vikaoni: je, hatuwezi kutumia ule unga mweupe wa kutia utamu, unaouzwa kwa pakiti ndogo, ambao kijiko kimoja tu kinatosha ndoo nzima? Swali hili si la kupuuzwa. Linagusa kipato cha familia, na pia afya ya watoto wanaonunua barafu nje ya geti la shule. Ndiyo maana tumeona vema kulitolea somo kamili.

Baada ya somo hili tunatarajia kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza viongeza utamu vya bandia ni nini na kwa nini viwanda vinavitumia;
(b) kukokotoa kiasi ambacho mtoto anaweza kutumia bila kuvuka kipimo;
(c) kuvitambua kwenye lebo ya bidhaa;
(d) kufanya uamuzi sahihi kuhusu bidhaa za kikundi chake.

1. Viongeza utamu vya bandia ni nini?

Ni kemikali zinazotengenezwa kiwandani, ambazo ulimi huzihisi kuwa tamu kuliko sukari mara nyingi sana. Kwa kuwa ni tamu mno, hutumika kwa kiasi kidogo sana, hivyo haziongezi nishati mwilini kwa kiwango cha kuhesabika. Sukari ya kawaida hutoa kilokalori 4 kwa kila gramu. Zifuatazo ndizo zinazojulikana zaidi, pamoja na makadirio ya kiasi kinachotoa utamu sawa na kilo 1 ya sukari:

- Sakarini: tamu mara 300 hivi, gramu 3.3 zinatosha.
- Siklamati: tamu mara 30 hadi 50, gramu 25 hivi.
- Aspatamu: tamu mara 200 hivi, gramu 5.
- Asesulfamu-K: tamu mara 200 hivi, gramu 5.
- Sukralosi: tamu mara 600 hivi, chini ya gramu 2.

Vipo pia viongeza utamu vinavyotokana na mimea. Majani ya stivia, mmea wenye asili ya Paraguay, hutoa dondoo tamu sana. Huko Afrika Magharibi kuna mmea wa msituni ambao tunda lake lina protini iitwayo thaumatini, yenye utamu unaozidi sukari zaidi ya mara 2,000. Hivi havihesabiwi kuwa vya bandia, lakini navyo husafishwa kiwandani na huwekewa vipimo kama vingine.

2. Historia kwa ufupi

Sakarini ndiyo ya kwanza. Iligunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg, akiwa katika maabara ya Profesa Ira Remsen kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Hakuwa akitafuta utamu. Alikuwa akichunguza kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe. Siklamati iligunduliwa mwaka 1937 na Michael Sveda, aspatamu mwaka 1965 na James Schlatter, asesulfamu-K mwaka 1967 nchini Ujerumani, na sukralosi mwaka 1976 mjini London.

Matumizi ya sakarini yaliongezeka sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, sukari ilipoadimika Ulaya. Hapa tunajifunza jambo: sukari inapokosekana au kupanda bei, watu hukimbilia mbadala. Yaliyotokea Ulaya zaidi ya miaka mia moja iliyopita hayatofautiani sana na mawazo yaliyotujia sisi mwaka 2024.

Kwetu mkoani Pwani suala la sukari si geni. Kituo cha TARI Kibaha ndicho kitovu cha utafiti wa miwa nchini, ambako mbegu za miwa hufanyiwa majaribio kabla ya kufika mashambani. Huko Bagamoyo kiwanda kipya cha sukari kilianza uzalishaji mwaka 2022. Kwa hiyo tunapojadili mbadala wa sukari, tunajadili pia jasho la mkulima wa miwa.

3. Kwa nini viwanda vinavitumia?

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni gharama. Kwa utamu ule ule, viongeza utamu vingi ni nafuu kuliko sukari, na mzigo wake ni mdogo kusafirisha na kuhifadhi. Ya pili ni mahitaji ya wateja wanaotaka vinywaji visivyonenepesha. Ya tatu ni kodi. Mwaka 2018 Afrika Kusini na Uingereza zilianza kutoza kodi vinywaji kulingana na sukari iliyomo. Viwanda vingi vikapunguza sukari na kujaza pengo kwa viongeza utamu. Matokeo yake, leo kinywaji kinaweza kuwa na sukari na viongeza utamu kwa pamoja, hata kama chupa haina neno lolote la kuonyesha kuwa ni cha watu wanaopunguza uzito.

Viwanda huchanganya viongeza utamu viwili au vitatu katika bidhaa moja. Sakarini huacha uchungu kidogo ulimini, na siklamati huuficha. Aspatamu ina ladha inayokaribia sukari, lakini huharibika kwenye moto mkali, hivyo haifai kwa vitu vya kuoka. Zaidi ya hayo, kila kimoja kina kikomo chake cha kisheria, kwa hiyo kuvichanganya humwezesha mtengenezaji kupata utamu wa kutosha bila kuvuka kikomo cha chochote. Kazi hii inahitaji mtaalamu wa chakula, maabara na mizani nyeti.

4. Je, ni salama?

Hapa maneno ya mitaani ni mengi. Wapo wanaosema ni sumu, wapo wanaosema havina neno kabisa. Tuangalie yanayojulikana.

Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO, iitwayo JECFA, huweka kiwango ambacho mtu anaweza kutumia kila siku maisha yake yote bila kutarajiwa kupata madhara. Kiwango hicho huhesabiwa kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa sakarini ni miligramu 5, siklamati 11, asesulfamu-K 15, sukralosi 15 na aspatamu 40. Kuvuka kiwango siku moja si sawa na kunywa sumu, kwa sababu kipimo kimewekwa chini sana ya kile kilichoonekana kuwa salama kwa wanyama wa maabara. Tatizo ni kukivuka kila siku, mwezi hata mwezi.

Sakarini ilishukiwa katika miaka ya 1970 baada ya panya dume wa maabara kupata saratani ya kibofu. Baadaye ilibainika kuwa namna ilivyowadhuru panya haitokei kwa binadamu, na mwaka 2000 Marekani iliiondoa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Siklamati ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1969 na marufuku hiyo ipo hadi leo, ingawa Ulaya na nchi nyingine nyingi zinairuhusu kwa vipimo. Julai 2023, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka aspatamu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi uliotajwa kuwa hafifu. Wakati huo huo JECFA ilibakiza kiwango cha miligramu 40. WHO ilieleza kuwa mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo 9 hadi 14 ya soda isiyo na sukari kwa siku ili kukivuka, kama kila kopo lina miligramu 200 hadi 300 za aspatamu. Wapo pia watu wachache wanaozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria. Hao hawapaswi kabisa kutumia aspatamu.

Mei 2023 WHO ilitoa mwongozo mwingine: viongeza utamu visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito. Uchambuzi wa tafiti ulionyesha kuwa havisaidii kupunguza mafuta mwilini kwa muda mrefu, na wanaovitumia sana kwa miaka mingi wameonekana kupata zaidi kisukari aina ya pili na magonjwa ya moyo. WHO yenyewe ilisema pendekezo hili lina masharti, kwa sababu huenda watu waliokwisha kuwa katika hatari ndio waliovikimbilia.

Tusielewe vibaya kwamba sukari basi haina neno. WHO inashauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi au vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima. Soda moja ya mililita 300 ina gramu zinazozidi 30.

5. Hesabu ya ndoo moja

Sasa turudi kwenye swali la kikundi. Chukueni daftari tukokotoe pamoja.

Ndoo ya lita 20 ya juisi yenye utamu wa kawaida, yaani asilimia 10, huhitaji kilo 2 za sukari. Tukitumia sakarini peke yake tutahitaji gramu 6.7 hivi. Hiyo ni sawa na miligramu 333 katika kila lita, na kikombe cha mililita 250 kitakuwa na miligramu 83.

Mtoto wa miaka 3 hadi 4 ana uzito wa kilo 15 hivi. Kiwango chake cha sakarini kwa siku ni 5 mara 15, yaani miligramu 75. Hivyo kikombe kimoja tu kimemvusha. Akirudi mchana akanunua barafu mbili, na jioni akapewa juisi ya unga wa pakiti, amevuka mara dufu. Na hapa tumechukulia kwamba mpimaji hakukosea hata chembe.

Je, mizani ya dukani inaweza kupima gramu 6.7? Haiwezi. Kwa hiyo mpimaji atatumia kijiko. Akimwaga gramu 10 badala ya 6.7, kila kikombe kitakuwa na miligramu 125. Kwa kulinganisha, sheria za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo cha miligramu 80 za sakarini kwa lita nzima ya kinywaji baridi, na zinakataza viongeza utamu katika vyakula vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga na watoto wadogo.

Siklamati nayo haitusaidii. Kiwango cha mtoto yule yule ni miligramu 165, ambazo zina utamu wa gramu 6 au 7 za sukari, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai. Ni utamu mdogo kuliko ule ambao watoto wengi hutiwa kwenye kikombe cha chai ya asubuhi.

Hesabu hii ndiyo kiini cha somo letu. Mtu mzima mwenye kilo 70 ana nafasi kubwa, mtoto hana. Na wateja wakubwa wa barafu, ubuyu na juisi za mifuko ni watoto.

6. Sukari hufanya zaidi ya kutia utamu

Kikundi kinachotengeneza jemu kinapaswa kujua kuwa sukari ndiyo inayoihifadhi jemu. Viwango vya kimataifa huitaka jemu ya kawaida iwe na yabisi zilizoyeyuka, ambazo nyingi ni sukari, zipatazo asilimia 60 au zaidi. Kwa wingi huo vijidudu hukosa maji ya kutumia na haviwezi kuzaliana. Ukiondoa sukari ukaweka kiongeza utamu, jemu itabaki majimaji na itaota ukungu mapema, isipokuwa uongeze kemikali nyingine za kuigandisha na kuihifadhi. Kadhalika katika mkate na maandazi, sukari huipa hamira chakula na huleta ile rangi ya kahawia inayovutia. Kwa hiyo fedha uliyookoa kwenye sukari unaweza kuipoteza kwenye bidhaa iliyoharibika na wateja waliokukimbia.

7. Kwa wenye kisukari: tahadhari inayookoa maisha

Viongeza utamu havipandishi sukari ya damu kama sukari ifanyavyo, na mwongozo wa WHO wa 2023 haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mgonjwa afuate ushauri wa kliniki yake, iwe ni hospitali ya Tumbi, hospitali ya wilaya Kisarawe au kituo cha afya kilicho karibu.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila familia yenye mgonjwa inapaswa kulijua. Mgonjwa anayetumia insulini, na baadhi ya wanaotumia vidonge, anaweza kushukiwa na sukari ghafla. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, na asiposaidiwa haraka anaweza kupoteza fahamu na hata kufa. Kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, huduma ya kwanza ni kumpa sukari halisi: maji ya sukari, asali, au soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haitamsaidia hata kidogo, ingawa ni tamu. Vivyo hivyo juisi ya kikundi iliyotiwa sakarini kimyakimya. Anayeuza utamu wa bandia bila kuutaja anaweza kumnyima mgonjwa msaada katika dakika anayouhitaji kuliko zote. Akishapoteza fahamu, msimnyweshe kitu chochote, mkimbizeni hospitali.

8. Jinsi ya kusoma lebo

Majina ya viongeza utamu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo sana. Njia rahisi ni kukariri namba za kimataifa, ambazo ni zile zile kila nchi na wakati mwingine hutanguliwa na herufi E:

- 950: asesulfamu-K
- 951: aspatamu
- 952: siklamati
- 954: sakarini
- 955: sukralosi
- 960: stivia

Angalieni pia maneno kama "diet", "zero" na "light". Msiishie kwenye picha ya tunda iliyo mbele ya pakiti. Igeuzeni nyuma na msome viungo. Kwa unga wa juisi, pimeni maji kama maelekezo yanavyosema. Pakiti iliyotengenezwa kwa lita mbili ikikorogwa kwenye lita moja, mnywaji anapata maradufu.

9. Sisi tufanye nini?

Kwa vikundi vyetu vya usindikaji tunashauri yafuatayo:

(i) Msitumie unga wa kutia utamu usio na lebo, hasa ule uliofungwa upya kwenye vifuko vya nailoni. Hamjui ni upi, wala umechanganywa na nini.

(ii) Msitumie viongeza utamu vya bandia katika bidhaa zinazolenga watoto. Hesabu ya ndoo imeonyesha sababu.

(iii) Punguzeni sukari yenyewe. Embe na nanasi vilivyoiva vizuri huhitaji sukari kidogo. Punguzeni kidogo kidogo kila wiki, wateja watazoea. Na kwa mteja asiyetaka sukari ya kuongezwa kabisa, pwani yetu ina madafu.

(iv) Nunueni sukari kwa pamoja. Vikundi vitatu au vinne vikiunganisha fedha za mwezi vinaweza kununua mifuko ya kilo 50 kwa bei ya jumla, badala ya kila mmoja kununua kilo mbili mbili dukani.

(v) Andikeni viungo vyote kwenye lebo, hata kama ni karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Mteja ana haki ya kujua anachokunywa.

(vi) Kikundi kinachotaka kweli kutengeneza bidhaa isiyo na sukari kianze kwa kupata ushauri wa SIDO na TBS. Tangu mwaka 2019 majukumu ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya TFDA yamehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Huko ndiko majengo ya usindikaji na bidhaa za chakula husajiliwa, na huko ndiko mtaelezwa kipimo kinachoruhusiwa kwa bidhaa yenu.

Hitimisho

Viongeza utamu vya bandia si sumu, wala si sukari ya bei rahisi. Ni viungo vya kiwandani vinavyodai vipimo vya kiwandani. Mahali penye mizani nyeti, mtaalamu na lebo ya kweli vina nafasi yake. Kwenye ndoo na kijiko, havina. Sukari ikipanda bei, ni heri kupandisha bei ya kikombe kwa shilingi chache na kumweleza mteja sababu, kuliko kushusha gharama kwa kitu ambacho mtoto wake ndiye atakayekilipia.

Maswali ya majadiliano katika kikundi

1. Leteni kikaoni pakiti tatu za vinywaji kutoka dukani. Ni namba zipi kati ya tulizojifunza zimo katika kila pakiti?
2. Mtoto mwenye kilo 20 anaruhusiwa miligramu ngapi za sakarini kwa siku? Je, vikombe vingapi vya ile juisi ya ndoo vitamvusha?
3. Kikundi chenu hutumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Mkipunguza robo, mtaokoa shilingi ngapi?
4. Ni nani kijijini au mtaani kwenu ana kisukari, na je, familia yake inajua nini cha kumpa sukari inaposhuka? Pangeni mtakayemtembelea kabla ya kikao kijacho.